Inashika na Imeshika

Sigalame,
3 Machi 2025

Kaka yangu Otukei,

Mulembe. Najua utanung'unika kwamba nimesahau salamu yetu Wateso, "Yoga", lakini miaka kumi na miwili kwa Wasamia si mchezo. Ulimi umeolewa pia.

Mpwa wako Nabwire yuko, ila wiki jana maumivu yalimpata tena, kifuani na mgongoni. Tulimpeleka hospitalini kwa boda, mimi nyuma nimemkumbatia, mvua inatupiga usoni. Daktari akanigombeza: mtoto mwenye siko seli, ugonjwa huu wa damu, hanyeshewi, baridi ndiyo inayoita maumivu. Sasa niambie, natoroka maumivu kwa kumpitisha kwenye baridi inayoyaita? Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na mimi sina la kumfunika ila kanga iliyolowa. Nilimwambia Oduori, bwana, ng'ombe hawatatuzika. Tukawauza. Tunanunua gari.

Liko moja Malaba, kwenye yadi ya mtu anaitwa Alinga. Viti saba, rangi ya kijivu. Alinga anaapa breki inashika. Wewe umekuwa fundi wa breki miaka thelathini. Masikio yamekwisha tangu mwaka jana, najua, na ndiyo maana siwezi kukupigia simu, lakini mikono na macho si bado vipo? Nenda ulitazame. Barua atazibeba Okwi wa samaki, anapita kwenu Jumatatu na Alhamisi. Samahani kwa harufu.

Mvua kubwa inakaribia. Tafadhali usichelewe.

Dada yako,
Amuge


Amagoro,
6 Machi 2025

Amuge,

Yoga. Barua imefika. Paka wa jirani aliinusa kabla sijaifungua. Mpe Nabwire pole.

Alinga ni mwuza magari. Anayeuza mbuzi hakwambii anakohoa. Hilo neno lake pia halijanitosheleza. Gereji tunasema "breki inashika", maana yake ukikanyaga gari linasimama. Tunasema "breki imeshika", maana yake imeng'ang'ania gurudumu na hailiachii hata ukiondoa mguu, gari linaenda huku linajisugua mpaka linachemka. Ya kwanza ni sifa, ya pili ni ugonjwa. Muulize alisema ipi.

Mimi sitaanza na gari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo nitaanza na waliokilalia. Kuna nchi za nje ambako mwenye gari akipata kasoro anaiandikia serikali, na serikali inayaweka malalamiko hayo wazi, yeyote anasoma. Binti wa saiba hapa, Vivianne, atanitafutia kwenye intaneti na kunichapishia ya gari la aina ile na mwaka ule. Nataka ya breki. Akilalamika mtu mmoja, huenda ni mgomvi tu. Wakilalamika kumi wasiojuana na wote wanasema jambo lilelile, nitajua pa kuweka mkono.

Usilipe kitu.

Otukei


Sigalame,
10 Machi 2025

Kaka,

Yoga, basi, nisikuudhi.

Nimempigia Alinga. Amesema inashika. "Na", si "me". Amesema nije hata na padre nimwapishe.

Lakini jamani Otukei, gari liko Malaba na wewe unasoma malalamiko ya Wazungu? Wao wanaendesha kwenye barafu, sisi kwenye matope. Halafu mwenye gari zuri ataandika nini? "Ndugu serikali, leo breki yangu haikunisumbua"? Ukikusanya walalamishi hivyo hakuna gari duniani litakalopita. Oduori anasema shemeji yake anatafuta gari lililoshuka na Musa mlimani.

Jana mawingu yalitanda mchana mzima. Nabwire akaniuliza, "Mama, leo nitaumwa?" Ana miaka tisa na anayasoma mawingu kama mzee mkulima.

Amuge


Amagoro,
17 Machi 2025

Amuge,

Ulitaka kunicheka lakini umeuliza swali la maana. Ni kweli, mtu aliyeridhika na breki haandikii serikali. Kwa hiyo sihesabu malalamiko. Gari lililouzwa sana litalalamikiwa sana. Natazama yanafananaje.

Vivianne alichapisha sitini na moja. Ya breki ni kumi na tisa. Matatu ni ya watu waliogonga wenyewe, sasa wanatafuta wa kumbebesha. Matano ni ya kelele tu. Kumi na moja yaliyobaki yanasimulia kitu kimoja. Gari likiwa baridi, breki ni safi. Baada ya mwendo mrefu inakuja harufu ya kuungua, na gurudumu la mbele kushoto linakuwa la moto kuliko wenzake. Kisha pedali inakuwa laini na kuzama. Likipoa, kila kitu kinarudi sawasawa, na fundi anamwambia mwenye gari hakuna shida. Mmoja ameandika kwamba mafundi watatu walimwona mwongo.

Kwa hiyo kulizungusha yadini hakuna faida. Nilikwenda Malaba, nikamwomba Alinga twende Busia na kurudi, halafu nishike magurudumu yote manne kwa kiganja. Akaandika kwenye karatasi: hakuna mafuta. Nikaandika: nitatia mimi. Akaandika: linangoja taa mpya. Niliondoka.

Rangi imepakwa upya, chini ya kijivu kuna kijani. Kwenye kioo cha nyuma imebaki gundi, pale ilipokuwa picha ya Bikira Maria. Aliyelimiliki kabla ya Alinga ni Petronilla wa Kocholia, jina liko kwenye logbuku. Muulize breki zilikuwaje. Mwandikie wewe. Usimwambie ni mimi niliyekutuma.

Otukei


Sigalame,
24 Machi 2025

Kaka,

Mbona sikuelewi? Kutoka kwako Kocholia ni pua na mdomo. Mimi niko huku mwisho wa kaunti. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye uliyeliona gari, halafu mimi ndiye niandike? Au mnadaiana na huyo mama?

Haya, nimeandika. Okwi ataiacha kanisani. Lakini ujue Oduori amechoka na barua. Anasema gari linanunuliwa kwa macho. Mvua imeanza tangu Ijumaa.

Amuge


Sigalame,
24 Machi 2025

Kwako Mama Petronilla,

Hunijui. Ninaitwa Amuge, nimezaliwa upande wa Amagoro, nimeolewa huku Sigalame. Tunataka kununua gari la viti saba lililo kwa Alinga, na jina lako limo kwenye logbuku. Ni la kumpeleka mtoto wangu hospitalini, ana siko seli. Nakuomba kama mama kwa mama, ulipokuwa nalo breki zilikuwaje? Uniambie hata jambo dogo.

Samahani kwa kukusumbua.

Amuge, Mama Nabwire


Kocholia,
7 Aprili 2025

Kwako Mama Nabwire,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nilipewa kanisani baada ya misa. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuandika. Kisha nikamfikiria mtoto.

Gari lilikuwa letu. Lilikuwa la kijani. Mume wangu Ekisa alilinunua kwa ajili ya nyumba na kwaya ya parokia, akaliandikisha kwa jina langu, akabandika Bikira Maria kwenye kioo cha nyuma. Novemba ya mwaka 2022 nililiendesha mimi kutoka Busia. Kabla ya kufika Amagoro nilisikia harufu kama ya nguo inayoungua pasi. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi. Nilisimama, likapoa, nikaenda nalo pole pole kwa fundi wa breki pale Amagoro. Ni mzee anayevaa kofia ya sufi hata jua likiwaka. Sikujua ni kabila gani, kwa hiyo nilimsemesha Kiswahili. Malori yalikuwa yanapita, vumbi ni jingi, nikawa nimefunika mdomo kwa leso. Nikamwambia, "Fundi, breki imeshika." Alitabasamu. Alisema, "Vizuri sana, mama. Nenda salama."

Nilifikiri ameona si kitu. Yeye ni fundi, mimi ni mkulima wa mihogo.

Siku ya nne Ekisa alienda Busia na gari hilo. Wakati wa kurudi pedali ilizama, gari likaacha barabara mtelemkoni. Alikufa papo hapo. Alikuwa peke yake, namshukuru Mungu kwa hilo.

Sikumshtaki fundi. Kiswahili nilikikuta shuleni, nikakiacha darasa la sita. Nimekaa miaka hii nikiamini nilikosea, kwamba mdomo wangu ulisema "inashika". Nilimsifia breki, naye akanijibu kama mtu aliyesifiwa. Nikikaa peke yangu nalirudia lile neno, na kila nikilirudia sina hakika. Kuandika naweza, maana karatasi inaniruhusu kufuta. Kusema naogopa. Hata sokoni nasema Kiteso, na asiyekijua namwonyesha kwa kidole.

Usimpandishe mtoto kwenye gari hilo.

Petronilla


Hospitalini,
14 Aprili 2025

Otukei,

Barua ya Petronilla ilifika Alhamisi saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama. Saa sita Alinga akaingia uani na gari. Oduori alikuwa amemwita bila kuniambia, wamalize biashara siku hiyohiyo. Limetoka Malaba moja kwa moja, limeoshwa, linang'aa.

Nikafanya ulichotaka kufanya wewe. Nilizunguka nikashika magurudumu kwa kiganja. Matatu yalikuwa na joto la mkate. Nilipofika la mbele kushoto, nilitoa mkono kabla sijajua kwa nini. Nina malengelenge mpaka leo. Alinga akasema, "Ni jua hilo, mama." Mvua ilikuwa inanyesha.

Saa nane Nabwire akaanza kulia kifua. Angalia hapo, kaka. Mtoto analia, mvua inamwagika, gari limesimama mlangoni, na Oduori ana ufunguo mkononi. Nikasema hapandi. Oduori alinitazama kama mchawi. Aliniambia, "Mtoto akifa ni wewe." Alisema hivyo mbele ya Alinga. Nikamfunga Nabwire kwa karatasi ya nailoni ya kuanikia dagaa wa omena, nikapanda boda. Njia nzima nilijiuliza kama nimemwua.

Wamemwongezea damu. Yuko hai. Bado tuko wodini, naandikia hapa.

Sasa wewe. Ilibaki gundi tu kwenye kioo, ulijuaje picha ilikuwa ya Bikira Maria? Na kofia ya sufi nilikufumia mimi mwenyewe, ya bluu, Krismasi ya mwaka 2019. Uliniambia masikio yalianza kukataa mwaka jana. Uliliona gari hilo mwezi wa tatu, ukalijua, ukanyamaza! Ungesema neno moja tu, Oduori asingemwita Alinga, na sisi tungekuwa tumeshatafuta gari jingine. Mficha uchi hazai, Otukei. Nimekukasirikia.

Fundi huyo ni wewe?

Amuge


Amagoro,
17 Aprili 2025

Amuge,

Ni mimi.

Masikio yalianza mwaka 2021. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, za watoto na za ndege. Kisha za watu. Nilijifunza kusoma midomo na sikumwambia mtu. Fundi wa breki hulisikiliza gurudumu kabla ya kulifungua. Nani angemletea gari fundi kiziwi? Mteja akisema kitu sikukisikia, nilitazama uso. Uso ukiwa mtulivu nilisema "vizuri sana". Mara nyingi ilipita.

Yule mama alifunika mdomo. Macho yalikuwa matulivu, ya heshima. Nilisema vizuri sana.

Habari ya ajali niliipata siku tatu baada ya kutokea. Nilienda mazishini, nikasimama nyuma karibu na ng'ombe. Januari nilifunga gereji, nikasema mgongo unauma. Mwaka jana ndipo nilipotangaza masikio, maana hapo hata kanisa zima lilikuwa limegundua.

Nilipoiona gundi ile kwa Alinga nililijua gari. Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Nilimtafuta mtu wa kuuliza swali ambalo jibu lake ni mimi, nikakutuma wewe. Nilijidanganya kwamba barua itakwenda na kurudi kabla hamjafanya lolote. Nabwire angepanda lile gari ningekuwa nimewazika wawili kwa uongo mmoja.

Leo ni Alhamisi Kuu. Sikwenda kanisani.

Otukei


Sigalame,
21 Aprili 2025

Otukei,

Tumerudi nyumbani. Nabwire anakula. Oduori ameniomba msamaha, kwa shida, lakini ameomba.

Uliyoniandikia si ya kwangu. Hujasoma barua ya Petronilla kwa hiyo nakunakilia sehemu yake nyuma ya karatasi hii, pale anaposema habari ya Kiswahili chake. Isome polepole.

Usiniandikie tena mpaka uwe umemwandikia yeye.

Amuge


Amagoro,
28 Aprili 2025

Kwako Mama Petronilla,

Majuzi nimesoma malalamiko sitini na moja ya wenye magari. Najua yanavyopangwa: gari gani, lini, kasoro gani, nini kilitokea. La kwako halikuandikwa mahali popote. Naliandika mimi.

Gari: la viti saba, la kijani.
Lini: Novemba 2022, mchana, Amagoro.
Kasoro: fundi. Alikuwa hasikii sauti ya mtu, na aliificha.
Kilichotokea: mwenye gari alimweleza fundi kuhusu breki. Fundi hakusikia neno hata moja. Alikisia. Alimwambia nenda salama. Siku ya nne mume wake Ekisa alikufa.

Fundi huyo ni mimi, Otukei. Yule Amuge aliyekuandikia ni dada yangu wa tumbo moja. Hakujua.

Ameninakilia ulivyosema, kwamba unadhani ulikosea neno. Mama, siwezi kukuapia ulisema lipi, kwa maana halikunifikia. Halikufika "na", halikufika "me". Ungelisema kwa Kiteso, ungelisema kwa Kiswahili cha Mombasa, ungelipiga na ngoma, ningejibu vilevile. Neno lako halikuua mtu. Na fundi mzima, mwenye gari akimwambia breki inashika, anauliza: basi umekuja kufanya nini? Sikuuliza.

Sikuombi kitu. Ukitaka kunishtaki, karatasi hii nimeitia sahihi.

Otukei


Kocholia,
8 Mei 2025

Kwako Fundi Otukei,

Nimesoma karatasi yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuitia motoni. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ya mazishi, kwa sababu siku zile hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Miaka hii yote nimeziba mdomo wangu kwa kosa la sikio lako.

Kukusamehe sijui. Nimemwambia padre nitaenda polepole, akasema Mungu hana haraka.

Lakini nikwambie hili. Jumamosi nilikwenda sokoni Amagoro, nikanunua vitunguu kwa Kiswahili. Nilisema, "Nipe vya fungu hili, na uniongezee kimoja." Mwenye vitunguu hakunishangaa. Aliniongezea viwili. Nilikaa chini kando ya magunia nikalia, watu wakadhani nimeibiwa.

Lalamiko umeliandika vizuri ila umesahau gurudumu. Ongeza: la mbele kushoto. Kisha umpelekee Alinga, mtu mwingine asije akalinunua bila kujua. Na umtafutie yule mtoto gari. Siku ya kulijaribu uniite. Nataka kushika magurudumu mwenyewe.

Petronilla


Amagoro,
19 Mei 2025

Amuge,

Nimemwandikia, amejibu. Kwa hiyo nakuandikia.

Nilimpelekea Alinga lalamiko. Alilisoma mpaka mwisho, kisha akaandika: mzee unaniharibia soko. Nikamwandikia kwamba ama aliweke ndani ya gari pale mnunuzi atakapoliona, ama mimi nitakaa getini kila siku nikimwonyesha kila anayeingia, kwa kuwa sina kazi. Siku mbili nilikaa. Siku ya tatu akanifungulia gurudumu. Chuma kinachobana breki kilikuwa kimeota kutu ndani, hakirudi nyuma hata kwa nyundo. Amelinyanyua juu ya mawe, atauza vipuri, ila chuma kile hatakiuza. Kiko mezani kwangu.

Gari limepatikana. Ni la Methuselah, katekista wetu. Amelimiliki miaka sita. Nilimwambia aniandikie kila analolilalamikia, asifiche. Akaleta malalamiko kumi na manne. Dirisha la nyuma halishuki. Redio inashika stesheni za Tororo tu. Kiti cha kati kinanasa suruali. La breki hamna. Vivianne amechapisha ya nje: ishirini na mbili, ya breki ni manne, na hakuna mawili yanayofanana.

Jumamosi tulikwenda Busia na kurudi, Okwi akiendesha, mimi mbele, Petronilla nyuma. Mteremko tuliushuka mara mbili. Tuliporudi Amagoro, Petronilla alizunguka akayashika yote manne. Alilishika la mbele kushoto muda mrefu, mpaka Okwi akageuza uso. Kisha aliniambia kitu. Nilikuwa karibu kusema vizuri sana. Nikasema, "Mama, sisikii. Niandikie." Tangu masikio yalipoharibika sikuwa nimemwambia mtu hivyo.

Aliandika kwa kidole kwenye vumbi la mlango: vuguvugu, yote sawa.

Okwi ataleta gari Alhamisi. Msiruhusu mtu mwenye nguo nzuri akae kiti cha kati.

Otukei


Sigalame,
9 Juni 2025

Kaka yangu Otukei,

Yoga. Yoga sana.

Ijumaa maumivu yalimpata Nabwire mchana, na mvua ni ile ya kung'oa migomba. Oduori akawasha gari. Nilikuwa nimekaa nyuma, nimempakata, redio ya Tororo inaimba Kiganda. Kule kwenye mteremko ng'ombe wa watu walikuwa wamesimama katikati ya njia, kundi zima, hawana habari. Nilifumba macho. Oduori akakanyaga.

Nilipofumbua, ng'ombe mmoja alikuwa ameweka pua kwenye taa, anatutazama.

Tulifika. Daktari alimshika Nabwire mguu, akashika na soksi, akasema, "Huyu mbona amefika mkavu?" Ametoka jana. Hawakumwongezea damu safari hii. Nabwire amesema nikwambie gari lina harufu ya mishumaa.

Bado nina hasira na wewe kidogo, ikiisha nitakwambia. Njoo Jumapili. Mwite na Petronilla, nitapika kuku.

Oduori alisema tukupe habari kwa simu ya Vivianne, akuandikie. Nilikataa. Nilitaka uione kwa macho yako mwenyewe, imeandikwa kwa kalamu, na ukishamaliza umwonyeshe Petronilla aisome kwa sauti:

Breki inashika.

Amuge